Si Kila Kilichopinda Kimekunjwa

Kuna notisi za jiografia zinazotembea mkono kwa mkono katika shule za Rungwe. Zilinakiliwa kutoka daftari hadi daftari, zikatolewa fotokopi, na siku hizi zinapigwa picha na kurushwa WhatsApp. Kila zinapopita, mtu mwenye uhakika kupita kiasi anaongeza sentensi yake. Sehemu ya milima ya kukunjamana ndiyo iliyoharibika zaidi. Nimezisoma hapa Ibighi, ambako ukichungulia shimo la mchanga au ukingo wa barabara iliyochongwa unayaona matabaka ya ardhi yamejipanga waziwazi, na nimeona niyajibu madai yake moja baada ya jingine. Sitayapa uzito sawa. Mengine yanakwisha kwa aya moja au mbili, mengine yamewaumiza vichwa wataalamu wa miamba kwa zaidi ya miaka mia.

"Milima ya Rungwe na Livingstone ni milima ya kukunjamana."

Hapana. Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, ni volkano, umejengwa na lava na majivu kutoka chini kwenda juu. Ngozi ni volkano iliyoporomoka kileleni, ndiyo maana ina ziwa tumboni. Volkano ya Kiejo ilitoa lava mara ya mwisho mnamo mwaka 1800 hivi, ambayo kwa kalenda ya miamba ni jana tu. Livingstone si volkano wala si mlima wa kukunjamana. Ni ukingo wa Bonde la Ufa, uliobaki juu wakati sakafu ya Ziwa Nyasa iliposhuka kwenye mpasuko mkubwa unaopita miguuni pake.

Kinachowachanganya watu ni kwamba miamba yenyewe ya Livingstone imekunjwa kweli, tena imekunjwa vibaya. Ni miamba ya Ukanda wa Ubende, uliobanwa kati ya kitovu kigumu cha kale cha Tanzania na kile cha Bangweulu upande wa Zambia, yapata miaka milioni 1,900 iliyopita. Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wameonyesha kuwa sehemu za ukanda huo zilibanwa tena kati ya miaka milioni 590 na 520 iliyopita. Milima iliyosimama nyakati hizo ililika ikaisha zamani sana. Hii tunayoiona leo imeinuliwa na Ufa juzijuzi tu, kwa kutumia mawe yaliyokwisha kukunjwa. Umri wa mkunjo ni jambo moja, umri wa mlima ni jingine, na mtihani unaouliza "mlima huu umetokana na nini" hauulizi mawe yake yalipitia nini.

"Matabaka yaliyopinda kwenye kuta za mashimo ya mchanga ni mikunjo."

Dai hili nalipenda, kwa sababu anayelitoa amekwenda kuangalia. Na ni kweli kuna kitu cha kuangalia. Simama mbele ya ukuta kama huo. Juu pana udongo wa kahawia wenye mizizi ya migomba. Chini yake unapita mkanda mweupe wa pumisi, vile vijiwe vyepesi vyenye matundu vinavyoelea ukivitupa majini. Halafu unakuja udongo mweusi wa zamani, kisha jivu jingine. Mkanda mweupe unapanda, unapita juu ya nundu, unateremka upande wa pili. Ukipiga picha na kumpelekea mwanafunzi wa kidato cha tatu, atakuandikia bila kusita kuwa ni mkunjo wa kwenda juu.

Lakini hakuna aliyeusukuma. Yapata miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa, na Karen Fontijn na wenzake walieleza mwaka 2011 kwamba mlipuko ule ulitokea siku isiyo na upepo: pumisi ilipanda juu sana, kisha ikaanguka kuuzunguka mlima pande zote. Iliangukia nchi iliyokuwa na vilima na mabonde yake tayari. Tabaka lilichukua umbo la ardhi liliyoikuta.

Sasa hapa ndipo jiometria inapomtega mtu. Mwaka 1967 Mwingereza John Ramsay alichapisha kitabu kilichokuja kuwa msahafu wa fani hii, na ndani yake aliweka namna ya kuipanga mikunjo kwa kupima unene wa tabaka kuanzia kwenye kiwiko cha mkunjo, pale unapopinda zaidi, hadi ubavuni. Kama unene uliopimwa kwa pembe mraba na tabaka haubadiliki, mkunjo ni sambamba, daraja la 1B: tabaka lilipinda bila kunyumbuka. Kama unene usiobadilika ni ule unaopimwa kufuata mstari wa katikati ya mkunjo, basi kiwiko kinaonekana kinene, mbavu zinaonekana nyembamba, na hilo ni daraja la 2, ambalo mara nyingi ni la miamba iliyolainika kwa joto ikatiririka.

Chukua timazi ya fundi mwashi na tepu, upime mkanda wa pumisi kwa kwenda chini wima. Mahali ambapo vijiwe havikuporomoka, kipimo cha wima kwenye nundu na kipimo cha wima kwenye mteremko vitakaribiana, kwa sababu mvua ya pumisi iliangusha kiasi kilekile juu ya kila mita ya mraba ya ramani. Upime tena kwa pembe mraba na tabaka, na mteremko utatoka mwembamba. Peleka vipimo kwenye chati ya Ramsay. Pumisi iliyoanguka kutoka angani itaingia daraja la 2, kapu moja na miamba iliyotiririka kilomita nyingi chini ya ardhi.

Kosa si la chati. Ramsay alitengeneza chombo cha kueleza umbo, na umbo amelieleza sawasawa. Kosa ni la anayedai kwamba jina la umbo ni jina la chanzo. Ukitaka chanzo, acha mkanda, angalia jirani zake. Chini ya nundu, matabaka ya zamani zaidi hayafuati upindaji ule. Yamekatwa na uso wa ardhi ya kale, na udongo mweusi wenye alama za mizizi unakuambia hapo palikuwa nyika ya nyasi au msitu kabla ya mlipuko. Juu yake, udongo uliofuata ni mnene bondeni na mwembamba kwenye nundu, mpaka upindaji unafifia wenyewe. Mkunjo wa kweli ungeyapinda na ya chini yake pia.

"Mkunjo mkubwa umetokana na nguvu kubwa."

Dai hili linasikika kama akili ya kawaida, na limekuwepo tangu siku za mwanzo za fani. Mskoti James Hall alieleza mwaka 1815 jaribio lake mashuhuri: alipanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, akavigandamiza kwa mbao zilizotiwa uzito, kisha akavisukuma kutoka pande mbili. Vikatoka mawimbi yanayofanana na yale aliyoyaona kwenye majabali ya pwani ya Uskoti. Wengi wakachukua somo nusu: sukuma, utapata mkunjo, sukuma zaidi, utapata mkunjo mkubwa zaidi.

Maurice Biot alilichambua jambo hilo kwa hesabu, na mwaka 1961 akaonyesha kitu kisichotarajiwa. Tabaka gumu lililozungukwa na mwamba laini likibanwa, umbali kutoka wimbi hadi wimbi unategemea mambo mawili: unene wa tabaka, na tofauti ya mnato kati yake na mwamba unaolizunguka. Nguvu haimo kwenye kanuni hiyo. Gawanya uwiano wa mnato kwa 6, tafuta kipeo cha tatu cha jibu, zidisha kwa 6.28, kisha zidisha kwa unene. Tabaka lenye mnato mara 48 ya jirani yake linatoa 8, kipeo cha tatu ni 2, jibu ni mara 12.6 ya unene. Kwa hiyo tabaka la sentimita 10 litajikunja kwa mawimbi ya mita moja na robo, na la sentimita 1 kwa mawimbi ya sentimita 12 na ushee, chini ya msukumo uleule.

Nadharia nzuri, lakini nadharia hupimwa. Sherwin na Chapple walikwenda kwenye mishipa ya kwazi iliyojikunja ndani ya miamba laini, wakapima mawimbi na unene, na mwaka 1968 wakatoa matokeo: uwiano halisi ulikuwa mdogo, mara 4 hadi 6 hivi ya unene. Ukiurudisha uwiano huo kwenye kanuni ya Biot, unaambiwa tabaka na jirani yake karibu ni sawa kwa ugumu, na katika hali hiyo mkunjo hukua kwa shida sana. Jambo likawa bayana. Biot alidhani tabaka linabaki na unene wake tangu mwanzo. Kumbe kabla ya kujikunja kwa haraka, tabaka hufupika na kunenepa huku mawimbi yakiwa bado hayaonekani. Kanuni ikarekebishwa. Nadharia ilifeli kwa namna iliyofundisha kitu, na sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Huhitaji maabara kuliona hili. Shuka Kyela, nenda Matema, mahali ambapo Livingstone inaingia majini. Kati ya ufukwe na mlima kuna mawe ya naisi yenye mistari myeupe na myeusi. Tafuta moja ambalo mistari yake ina unene tofauti. Mstari mwembamba kama ukucha utauona umejikunja zigizaga, viwiko vimebanana. Mkanda mnene kama kiganja, ndani ya jiwe hilohilo, umeyumba kidogo tu. Mawe yalibanwa pamoja. Rula ya shule inatosha: pima kwa kufuata mkunjo wenyewe, kuanzia kiwiko cha juu hadi kiwiko cha juu kinachofuata, gawanya kwa unene, kisha rudia kwenye mistari mingine. Mistari iliyokaribiana sana iache, maana huwa inavutana na hesabu inaharibika. Iliyojitenga itakupa uwiano unaokaribiana, myembamba kwa minene, na dai la nguvu kubwa litabaki ufukweni.

"Ukiona umbo la mkunjo, unajua ulivyokua."

Hapa ndipo kwenye kiini cha ugomvi wote, na hapa notisi za shule ziko pamoja na wasomi wengi wa zamani.

John Rich, akiandika mwaka 1934 kuhusu milima ya Appalachia nchini Marekani, alionyesha kwamba matabaka yanaweza kupinda bila kubanwa kama vitambaa vya Hall. Mpasuko unakwenda mlalo kwenye tabaka laini, kisha unakata juu kama ngazi, kisha unalala tena. Kipande cha juu kikisukumwa kupita ngazi hiyo, lazima kipinde ili kifuate njia. John Suppe, kutokana na kazi yake Taiwan, aliligeuza wazo hilo mwaka 1983 kuwa jiometria kamili: ukijua pembe ya ngazi, unakokotoa pembe ya mkunjo. Makampuni ya mafuta yaliipokea kwa mikono miwili, kwani kutoka kwenye umbo linaloonekana juu unaweza kuchora mpasuko usioonekana chini.

Shida ni kwamba ubavu uleule wa mkunjo unaweza kuzaliwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, ubavu unaanza karibu mlalo na kuinuka polepole, urefu wake haubadiliki. Katika ya pili, ubavu una mwinamo wake wa mwisho tangu dakika ya kwanza, ila ni mfupi. Unarefuka kwa sababu kiwiko kinahama ndani ya mwamba, kikipita kwenye matabaka na kuyainamisha moja baada ya jingine. Mwisho wa safari, picha ni moja. Yeyote anayekuambia njia kwa kutazama picha anabahatisha.

Kipimo kinachotenganisha njia hizo kiko kwenye mchanga na tope vilivyotuama juu ya mkunjo wakati ukikua. Kama ubavu ulizunguka, matabaka hayo yanafunguka kama feni: ya chini yameinama sana, ya juu kidogo. Kama kiwiko kilihama, yote yana mwinamo mmoja, lakini eneo lililoinama linapungua kuelekea juu hadi linakuwa pembetatu. Ni mtihani safi. Mtu angetegemea ukifanywa mahali pazuri, mjadala uishe.

Mahali pazuri papo: Sant Llorenç de Morunys, kwenye milima ya Pyrenees upande wa Catalonia, ambako matabaka ya namna hiyo yako wazi mlimani. Mwaka 1997, katika jarida moja la jiolojia, vikundi viwili vilichapisha uchambuzi wa mahali hapo. Suppe na wenzake walisoma tabaka kwa tabaka wakaona kiwiko kinachohama. Mary Ford na wenzake walisoma miamba hiyohiyo wakaona mwinamo unaopungua hatua kwa hatua, ubavu unaozunguka. Katikati ya mvutano huo kulikuwa na wazo la tatu, lililotolewa na Eric Erslev mwaka 1991, kwamba mbele ya ncha ya mpasuko kuna eneo la pembetatu ambamo mwamba unasagika na kunyumbuka, hivyo viwiko vinakuwa vya duara na si vya kuvunjika. Nionavyo mimi, funzo si kwamba kikundi kimoja kilikuwa kipofu. Mfano wenye viwiko vikali ukilazimishwa juu ya mkunjo wa duara, daima kuna namna ya kukata duara kuwa vipande vidogovidogo hadi ukubali. Mfano usioweza kukataliwa na kipimo chochote hauna faida, hata ukiwa na hesabu nzuri.

Na kwetu? Mikunjo ya Livingstone haina matabaka hayo ya juu. Mmomonyoko umeyala pamoja na milima yake. Tunabaki na naisi, ambayo ina hila yake. Ndugu zetu wanaokaa Muscat wakienda Wadi Mayh, nje kidogo ya jiji, wanaweza kuiona hila hiyo kwa ukubwa wa kutisha: mikunjo iliyovutwa mbele mpaka ikawa kama ala ya upanga. Ukiikata kwa ubapa unaona matabaka yamenyooka, ukiikata kwa kupinga unaona duara zilizofungana kama jicho. Picha ya upande mmoja haikuambii hata mwelekeo miamba ilikokwenda. Jiwe la Matema lenye jicho lizungushe, ulitazame nyuso zake zote, kabla hujaandika neno.

"Mchoro ukilingana vipimo, umethibitishwa."

Hili si la wanafunzi, ni la wahandisi. Rollin Chamberlin, mwaka 1910, alichora mkato wa Appalachia huko Pennsylvania kwa wazo rahisi: mwamba hauongezeki wala haupotei. Kama tabaka la urefu wa kilomita 10 sasa limebanwa kwenye kilomita 8, limefupika kilomita 2. Kama eneo lililoinuka juu ya usawa wa zamani ni kilomita za mraba 3, gawanya: miamba iliachana na sakafu yake kwenye kina cha kilomita 1.5. Dahlstrom wa Kanada alizipanga vizuri kanuni za aina hii mwaka 1969. Ni chombo kizuri cha kufichua uongo, maana mchoro usiolingana hakika una kosa. Unaolingana umeepuka kosa hilo moja tu, na watu wawili wanaweza kuchora mikato miwili tofauti yote ikalingana.

Tena sharti lake ni zito: kitu kisitoke wala kuingia pembeni mwa mchoro. Kwenye milima ya Zagros, Iran, chini ya mikunjo kuna chumvi ya kale inayohama upande wowote inakopata nafasi, na hesabu ya eneo inayumba. Kwenye naisi ya Ubende ni mbaya zaidi, kwa sababu mwamba wenyewe ulitiririka, urefu wa mistari haukuhifadhiwa. Atakayekuletea mkato "uliosawazishwa" wa Livingstone kwa kunyoosha mistari ya naisi, mshukuru kwa juhudi, umrudishie.

"Matetemeko yetu yanaonyesha milima inaendelea kukunjamana."

Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya mpaka nchini Malawi, ilitikiswa mfululizo, na tetemeko kubwa zaidi, la tarehe 19, lilifikia ukubwa wa 6.0. Mwendo wake ulikuwa wa kutanuka: upande mmoja wa mpasuko ulishuka. Hapa nchi inaachana kwa milimita chache kwa mwaka, haibanwi. Lakini tusikimbilie kosa la upande wa pili, kwamba penye kutanuka hakuna kupinda. Vipimo vya mitetemo vilivyofanywa ndani ya Ziwa Nyasa tangu miaka ya 1980, na baadaye mradi wa utafiti wa SEGMeNT uliofika hadi huku Rungwe, vinaonyesha tope la ziwani likiinama kuelekea mipasuko. Mpasuko ukiwa bado umefukiwa, tabaka la juu yake hupinda kabla ya kukatika. Mfano wa Erslev, uliobuniwa kwa ajili ya milima ya kubanwa, leo unatumika huko pia.

"Haya yote hayana matumizi kwetu."

Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, imekuwa ikichunguza jotoardhi ya Ngozi na ya Kiejo-Mbaka, na kule Mbaka imechoronga visima vya uchunguzi. Chemchemi za moto zimejipanga kufuata mpasuko wa Mbaka, ambako naisi ya kale imejitokeza katikati ya lava. Sasa mtu akikuta pale matabaka yaliyoinama, swali la notisi za shule linageuka kuwa swali la fedha. Akiyasoma kama ubavu wa mkunjo, atatafuta maji kwenye kilele cha mkunjo anaoudhania. Akiyasoma kama kipande kilicholazwa na mpasuko, atauwinda mpasuko wenyewe. Tuseme mpasuko umeinama nyuzi 60: kisima cha wima kilichowekwa mita 500 kutoka mahali unapotokeza, upande unaoelekea chini, kitaukuta kwenye kina cha mita 870 hivi. Kikiwekwa upande wa pili hakitaukuta kamwe, hata kichorongwe kirefu vipi.